Mstari wa ramani unapofika Mute: Nani wa kulalamikia, na kwa karatasi gani?

KATIKA wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Msumbiji, mtu haulizwi hati ya shamba. Huulizwa mnazi ule ulipandwa na nani, mkorosho ule ulirithiwa kwa nani, na kaburi lililo chini ya mwembe ni la mzee yupi. Majibu hayo ndiyo mpaka. Mute, kijiji cha wakulima wa muhogo, mpunga na korosho walioko upande wa bara wa rasi ya Afungi, kimeishi na mipaka ya namna hiyo kwa vizazi, na jirani aliyevuka mpaka hakuitwa mahakamani. Aliitwa barazani kwa wazee.

Mwaka 2012 ikaingia namna nyingine ya kusoma ardhi ileile. Kampuni ya Rovuma Basin LNG Land, iliyoundwa kwa ajili ya mradi wa gesi asilia, ilipewa haki ya kutumia eneo la hekta 7,000 hivi katika rasi ya Afungi. Ramani yake ilichorwa kwa mistari iliyonyooka. Ndani ya mistari hiyo mlikuwa na vijiji, mashamba, makaburi na njia za kwenda pwani kuvua na kuokota kombe. Kijiji cha Quitupo kilikuwa katikati kabisa.

Kwa miaka mingi habari za Palma zimekuwa habari za gesi na za vita. Hapa kuna habari ya tatu, isiyopigwa picha: habari ya makaratasi. Ramani ya wilaya hupitishwa na nani? Mpaka wa mji ukisogea, shamba linakuwa nini? Uamuzi ukishatoka, mtu wa Mute analalamika kwa nani, kwa muda gani, na nini kinamzuia?

Maswali hayo yanazidi uzito sasa. Watu waliokimbia mashambulizi wanarudi, na mradi uliosimamishwa tangu Aprili 2021 umeanza kufufuka baada ya TotalEnergies kuondoa tangazo la dharura Novemba 2025. Ardhi ileile inagombewa na anayerudi, anayehamishwa na anayekuja kutafuta kazi.

Sheria iko upande wa mkorosho

Kinachowashangaza wageni wengi ni kwamba sheria ya Msumbiji, kwa maandishi, haiko mbali na barazani kwa wazee. Katiba inasema ardhi ni mali ya Dola na haiuzwi. Kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia na kunufaika nayo, inayojulikana nchi nzima kwa herufi zake nne za Kireno, DUAT. Sheria ya Ardhi Namba 19 ya 1997 inatambua njia tatu za kuipata haki hiyo: kuishi kwenye ardhi kwa mujibu wa mila, kuitumia kwa nia njema kwa miaka isiyopungua kumi, kwa raia, na kuiomba serikalini.

Njia mbili za kwanza hazihitaji karatasi. Sheria inatamka wazi kwamba kukosa hati au kukosa kuandikishwa hakumvunjii haki mtu aliyeipata kwa mila au kwa nia njema. Na akitakiwa kuthibitisha, ushahidi wa mdomo wa watu wa pale unakubalika. Kwa maneno mengine, yule mzee anayejua nani alipanda mnazi ni shahidi halali mbele ya Dola.

Msomaji wa Mtwara au Lindi ataona mfanano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Namba 5 ya 1999, nayo inaheshimu haki za kimila. Lakini ng'ambo ya Ruvuma kuna tofauti moja kubwa. Kijiji cha Tanzania ni mamlaka yenye mkutano mkuu na halmashauri, na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno la kukubali au kukataa ikiwa eneo halizidi hekta 250. Msumbiji, jamii haina kura ya namna hiyo. Jamii husikilizwa, anayetia saini ni mwingine: gavana wa mkoa kwa maeneo hadi hekta 1,000, waziri mwenye dhamana ya ardhi kwa hekta 1,000 hadi 10,000, na Baraza la Mawaziri kwa yaliyozidi hapo. Hekta 7,000 za Afungi ziliangukia kwenye meza ya waziri, Maputo, mji ulio mbali na Palma kuliko Palma ilivyo mbali na Dar es Salaam.

Basi nguvu ya mtu wa Mute imekaa katika neno moja: kusikilizwa. Na kusikilizwa kuna utaratibu wake.

Mikutano miwili na karatasi moja

Anapotokea mwekezaji kuomba ardhi, jamii lazima ishauriwe. Waraka wa mawaziri Namba 158 wa 2011 uliweka hatua mbili. Mkutano wa kwanza ni wa kuwaeleza wananchi ombi ni la nini na mipaka yake ni ipi. Mkutano wa pili, ndani ya siku 30, ni wa jamii kutoa kauli yake: ardhi ipo au haipo, na kwa masharti gani. Muda ule wa katikati haukuwekwa kwa bahati mbaya. Uliwekwa ili watu warudi nyumbani, wazungumze na walio shambani na walio baharini, wawatafute wasomi wao walioko Pemba au Nampula, kisha warudi na neno moja.

Mikutano yote miwili huishia kwenye muhtasari, ambao kila mtu pale huuita kwa jina la Kireno, acta. Hiyo ndiyo karatasi. Waziri aliyeko Maputo hamuoni mzee aliyesimama akasema mashamba ya bondeni yasiguswe. Anaiona acta. Kama acta imeandika kwamba jamii imekubali bila pingamizi, basi jamii imekubali bila pingamizi, hata kama mkutano uliisha kwa kelele.

Tatizo la kwanza ni lugha. Acta huandikwa Kireno, ndiyo lugha rasmi ya nchi. Mkutano huendeshwa kwa Kimakwe, Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, kutegemea nani amekaa wapi. Kati ya maneno ya mkutano na maneno ya karatasi anakaa mkalimani, na mkalimani mara nyingi ni mtumishi wa wilaya. Neno kama "tutafikiri", ambalo kwa mtu wa pwani ni namna ya adabu ya kukataa, likifika kwenye Kireno linaweza kuwa hatua moja tu kabla ya ndiyo.

Tatizo la pili ni mpangilio wa matukio. Wanasheria wa shirika la Centro Terra Viva, lenye makao Maputo, walihoji kwa miaka kadhaa namna haki ya Afungi ilivyotolewa. Hoja yao haikuwa ngumu kueleweka. Watu wa Quitupo walikuwa tayari na haki zao za kimila juu ya ardhi ile. Sheria inasema haki kama hizo huondolewa kwa manufaa ya umma baada ya fidia ya haki kulipwa kwanza. Huwezi kumpa mgeni chumba ambacho mwenyeji hajatoka, kisha ukaanza kuzungumza na mwenyeji habari ya nauli. Mkurugenzi wa shirika hilo, mwanasheria wa ardhi Alda Salomão, alizuiliwa kwa muda na mamlaka huko Palma mwaka 2013 alipokuwa akifanya kazi na wanakijiji. Tangu hapo kila aliyetaka kuuliza swali mkutanoni alijua swali lina bei.

Hata hivyo maswali yalisaidia. Mpango wa uhamishaji uliidhinishwa 2016, miaka minne baada ya haki kutolewa, na ulikuja baada ya mikutano mingi kuliko ile ya mwanzo. Uwekezaji wenyewe, wa dola bilioni 20 za Marekani, ulitangazwa Juni 2019.

Jirani wa anayehamishwa

Mute haikuwa ndani ya mstari. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi.

Anayehamishwa ana jina kwenye orodha. Zaidi ya familia 500 ziliandikwa kuhamishwa kutoka maeneo ya mradi na kujengewa nyumba Quitunda, kijiji kipya kilichopangwa kwa mitaa iliyonyooka. Kanuni ya Uhamishaji, iliyotolewa kwa Amri Namba 31 ya 2012, inawapa watu hao haki zinazohesabika: nyumba isiyo duni kuliko waliyoiacha, huduma za maji, shule na zahanati, mikutano ya hadhara isiyopungua minne, na nafasi kwenye usimamizi wa zoezi. Wawakilishi watano wa walioathirika, mmoja wa asasi za kiraia, viongozi watatu wa jamii na wawili wa sekta binafsi wanatakiwa kushiriki.

Lakini anayehamishwa anahitaji shamba jipya, na shamba hilo halishuki kutoka mbinguni. Linatoka kwa jirani. Mikorosho ya Senga, mashamba ya Mondlane na Macala, na maeneo mengine ya upande huo wa wilaya, yaliingia kwenye hesabu kwa sababu mashamba ya watu wa Quitupo yameingia kwenye uzio. Kijiji kilichodhani hakihusiki kinajikuta kinahusika bila kuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Hana nyumba mpya anayojengewa, hana mkutano ulioitishwa kwa jina lake. Anachopata ni fidia ya miti yake, na mgeni wa kumkaribisha.

Na fidia ya miti ina hesabu yake. Kwa kuwa ardhi ni ya Dola, ardhi haina bei. Kinacholipwa ni kilichoko juu yake: mkorosho, mnazi, mwembe, muhogo ulioko shambani, kisima, kibanda. Bei hutoka kwenye jedwali la idara ya kilimo ya mkoa, kwa aina ya mti na umri wake. Mkorosho mzee unaolisha familia miaka arobaini ni mstari mmoja kwenye jedwali hilo. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, jambo ambalo kila mkulima wa huko hulifanya, kwenye jedwali linaonekana kama pori.

Hapo ndipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 19 ya 2007, inapokuwa na faida ambayo wengi hawaijui. Inaposema juu ya kuchukua mali kwa manufaa ya umma, haisimami kwenye miti. Inataja pia kupotea kwa vitu visivyoshikika, kuvunjika kwa mshikamano wa jamii na kupotea kwa njia za uzalishaji. Makaburi yamo. Njia ya kwenda pwani imo. Jirani aliyekuwa akikukopesha mbegu, kwa tafsiri ya mwanasheria mzuri, naye yumo. Familia za Milamba zilizokuwa zikiishi kwa kuvua na kuhamishiwa Quitunda, kilomita kadhaa kutoka baharini, zilipoteza kitu ambacho hakuna jedwali la kilimo linalokitaja, lakini sheria hii inakitaja.

Mpaka wa mji ukisogea

Palma ni vila, yaani mji mdogo makao makuu ya wilaya, na si manispaa. Tofauti hiyo si ya heshima tu.

Msumbiji ina manispaa 65 tangu kuongezwa kwa mpya 12 kabla ya uchaguzi wa 2023. Jirani yake Palma, Mocímboa da Praia, ilikuwa miongoni mwa 33 za mwanzo kabisa, zilizochagua viongozi wao mara ya kwanza 1998. Manispaa huundwa kwa sheria ya Bunge. Ikishaundwa inakuwa na meya, baraza la madiwani, na mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zinazoitwa posturas: nani ajenge wapi, soko liwe wapi, mbuzi wafungwe wapi, faini ni kiasi gani.

Kwa mtu wa manispaa, uamuzi una mlango wa karibu. Anamjua diwani, anakwenda kikaoni. Kwa mtu wa Palma, wilaya inaongozwa na msimamizi aliyeteuliwa, na chini yake wakuu wa posto na wa lokalidade, na chini yao viongozi wa jamii ambao serikali imewatambua. Mpango wa matumizi ya ardhi wa wilaya huandaliwa na kupitishwa katika mfumo huo. Sheria inataka uwe wazi, ujadiliwe hadharani na uchapishwe. Anayetaka kuupinga anapaswa kwanza kujua kwamba upo.

Siku Palma itakapopanda kuwa manispaa, na kwa gesi iliyopo si ajabu jambo hilo likaja, mpaka wake utachorwa kwenye kiambatanisho cha sheria. Vijiji vitakavyoingia ndani vitaamka vikiwa mjini. Mkulima hatahama hata hatua moja, lakini kanuni zinazomhusu zitabadilika. Ardhi ya mijini inaongozwa na Kanuni ya Ardhi ya Mijini, Amri Namba 60 ya 2006. Kanuni hiyo inataja kupata kiwanja kwa maombi, kwa bahati nasibu, kwa mnada na kwa makubaliano. Inamtambua pia aliyekaa kwa nia njema, lakini kwa masharti yanayofungamana na mpango wa mji. Mila, iliyokuwa njia ya kwanza katika sheria ya 1997, haimo kwenye orodha hiyo ya njia za mjini.

Huo ndio ugonjwa wa miji yetu yote ya Afrika Mashariki. Tanzania nako, vijiji vilivyomezwa na miji hupoteza hadhi ya ardhi ya kijiji, na pamoja nayo mkutano mkuu uliokuwa na neno. Wengi hugundua hivyo siku mpimaji anapofika na vigingi.

Kuna dawa ya mapema, na haina gharama kubwa kama inavyodhaniwa. Jamii ya Msumbiji ina haki ya kuomba eneo lake lichorwe na kuandikishwa, utaratibu uliowekewa mwongozo wa kiufundi mwaka 2000. Wazee, wanawake na vijana huchora kila kundi ramani yake, ramani hizo hulinganishwa, majirani huitwa kukubaliana mpaka, kisha matokeo hurudishwa kijijini yathibitishwe kabla ya cheti kutoka. Cheti hakimpi mtu haki mpya. Haki anayo tayari. Kinachobadilika ni kwamba ombi la mwekezaji likifika kwenye ofisi ya ramani, afisa anakuta mstari mwingine umeshachorwa.

Milango ya rufaa

Tuseme yote yamekwisha: mikutano imefanyika au haikufanyika, karatasi imetiwa saini, na kigingi kimepigwa katikati ya shamba la Mute. Nini kinabaki?

Tanzania ingekuwa na ngazi inayoeleweka. Kuna baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, hadi Mahakama Kuu. Msumbiji haina ngazi maalumu ya mabaraza ya ardhi ya namna hiyo. Uamuzi wa serikali kuhusu ardhi hupingwa kama uamuzi mwingine wowote wa serikali, kwa kufuata Sheria Namba 14 ya 2011 inayosimamia utendaji wa umma.

Mlango wa kwanza ni malalamiko kwa yuleyule aliyeamua. Wengi huudharau, wakiona ni kumpelekea fisi kesi ya mbuzi. Lakini malalamiko ya maandishi yenye mhuri wa kupokelewa yanafanya kazi mbili. Yanamlazimu ofisa kujibu, na yanathibitisha tarehe. Mlango wa pili ni rufaa kwa mkubwa wake: kutoka kwa msimamizi wa wilaya kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda wizarani. Mlango wa tatu ni mahakama ya utawala, na Cabo Delgado inayo yake, Pemba.

Mambo mawili huwaangusha watu kwenye mlango wa tatu. La kwanza ni muda. Sheria inatofautisha uamuzi wenye kasoro na uamuzi usio na nguvu kabisa. Wenye kasoro hupingwa ndani ya siku zilizowekwa, na siku zikipita kasoro inakuwa imesamehewa. Usio na nguvu kabisa hupingwa wakati wowote. Kwa hiyo mwanasheria wa kijiji hupigania kwanza kuuweka uamuzi kwenye kapu la pili, hasa watu wanapokuwa wamechelewa, na watu wa vijijini karibu siku zote huwa wamechelewa.

La pili ni kwamba kesi haisimamishi tingatinga. Kufungua shauri hakuzuii kazi kuendelea. Anayetaka kazi isimame lazima aombe hilo peke yake, aeleze hasara isiyorekebishika atakayoipata. Mnazi uliokatwa ni mfano mzuri wa hasara isiyorekebishika, ila ombi lazima lifike kabla ya panga.

Nje ya mahakama iko milango ya pembeni: mwendesha mashtaka wa umma, ambaye kazi yake ni pamoja na kulinda uhalali, Mpatanishi wa Haki, anayepokea malalamiko ya raia dhidi ya watumishi, na haki ya kikatiba ya kupeleka ombi la pamoja. Tangu 2014 kuna pia sheria ya haki ya kupata habari, inayomruhusu raia kudai nakala ya nyaraka za serikali. Hiyo ya mwisho ndiyo pengine yenye maana kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu hawezi kupinga acta ambayo hajaisoma.

Je, kuna aliyewahi kushinda? Pwani hii hii, kaskazini, wapo. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni za Kenya kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Hakuna aliyeishinda serikali kwa kusema bandari ni mbaya au umeme ni mbaya. Walishinda kwa kuonyesha mkutano ambao haukufanyika kama sheria ilivyotaka. Lamu walikuwa na kitu kingine pia: mahakama iliyokuwa tayari kuwasikiliza, mashirika yao wenyewe, na amani ya kutosha kukusanya saini.

Mashahidi waliotawanyika

Amani ndiyo iliyokosekana Palma. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilipanda kaskazini mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa 2020 mashambulizi yalifika vijiji vinavyozunguka Afungi, Mute kikiwemo. Machi 24, 2021 ilivamiwa Palma yenyewe, na majengo ya serikali yakaharibiwa pamoja na mafaili yake. Katika kilele cha vita hivyo karibu watu milioni moja mkoani na mikoa jirani walikuwa wameacha makazi yao. Wengine walivuka Ruvuma.

Mtu akiacha shamba miaka mitatu kwa kukimbia risasi, je, amelipoteza? Sheria ya 1997 inataja sababu za haki kwisha: mwekezaji kushindwa kutekeleza mpango wake, kufutwa kwa manufaa ya umma baada ya fidia, muda kwisha, na mwenyewe kuikana. Kukimbia hakumo. Aliyerudi Mute akakuta mtu mwingine ameshalima bondeni kwake ana haki yake, na yule mwingine, ambaye mara nyingi ni mkimbizi kutoka kijiji kingine aliyeelekezwa pale na kiongozi, ana shida ya kweli pia. Kesi za aina hii hazimhusu mwekezaji hata kidogo, na huenda ndizo zitakazokuwa nyingi kuliko zote.

Ushahidi wake ni wa mdomo, na midomo imetawanyika. Mzee anayejua mpaka yuko kambini Metuge. Jirani aliyeshuhudia mirathi yuko Nampula. Mwingine yuko Mtwara kwa wajomba zake. Mwingine hayuko tena. Ripoti iliyoandikwa na Jean-Christophe Rufin kwa ombi la TotalEnergies na kuchapishwa 2023 ilikosoa mambo kadhaa ya uhamishaji wa Afungi na kutaka yashughulikiwe haraka, wakiwemo watu waliobaki wakisubiri bila shamba la zamani wala jipya. Baadaye kampuni ilianzisha taasisi ya maendeleo iliyopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tunaweza. Miradi ya taasisi ni jambo jema. Haichukui nafasi ya acta wala ya cheti cha mpaka.

Kuna jambo dogo la kiutawala ambalo sasa limekuwa kubwa. Kwa utaratibu wa 2011, acta ya mashauriano hutiwa saini na wajumbe wa mabaraza ya ushauri ya kijiji na ya lokalidade. Hao ni watu wenye majina, waliochaguliwa kabla ya vita au katikati yake. Baadhi wamerudi, baadhi wako mbali, baadhi wamefariki, na viti vyao vimejazwa kwa haraka ili mikutano iweze kuitishwa. Kabla ya mkutano wowote mpya wa ardhi Mute, anayetaka kujua haki yake inaanzia wapi anaweza kwenda kwa mkuu wa lokalidade na kuomba kitu kimoja: orodha ya wajumbe wa baraza hilo, na tarehe kila mmoja alipoingia.